Dunia ya Thelathini na Sita

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika likizo ya Agosti mwaka 1997, watoto wa mtaa mmoja mjini Nakuru waliigeuza methali hiyo kuwa wimbo, wakauimba kwa wiki mbili mfululizo, na aliyeimbiwa alikuwa mvulana wa miaka 13 aliyeshikilia kwamba ameiona dunia ambayo wao walijua haipo. Hakudai kuwa ameiota. Alidai kwamba ameiona kwa macho yake mwenyewe, usiku, kwenye televisheni ya mama yake, na kwamba nambari ya dunia hiyo ilikuwa hasi moja.

Mchezo wenyewe ulikuwa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985. Anayeujua hahitaji kuelezwa, na asiyeujua atatosheka na machache. Mario, mwanamume mfupi mwenye masharubu, hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia akiruka mashimo, akivunja matofali kwa ngumi na kuingia ndani ya mabomba, hadi atakapomwokoa binti mfalme aliyetekwa. Safari yake ina dunia 8, na kila dunia ina hatua 4. Hatua ya kwanza huandikwa 1-1 na ya mwisho 8-4: tarakimu, kistari, tarakimu. Hayo tu. Kila mtoto mtaani aliifahamu ramani hiyo kuliko alivyoifahamu ramani ya mkoa wake.

Mashine iliyotumiwa haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa mojawapo ya zile nakala za bei nafuu zilizoiga mashine ya Famicom ya mwaka 1983, zilizouzwa madukani pamoja na kaseti za manjano zilizojigamba kuwa na mamia ya michezo. Mnunuzi aliyezichunguza kwa makini aligundua upesi kwamba michezo halisi ilikuwa michache, na kwamba iliyosalia ni ile ile iliyopewa majina mapya na kuanzishwa katika hatua tofauti. Watoto hawakulalamika. Walikuwa wamezoea kwamba kilichoandikwa juu ya kaseti na kilichomo ndani yake ni mambo mawili.

Usiku huo mama alikuwa kazini. Mdogo wa mvulana huyo, aliyekuwa na miaka 9, alikuwa amelala kwenye kochi, akaamshwa kwa kutikiswa bega. Kaka yake hakusema neno. Alimwelekeza tu kioo cha televisheni. Mario alikuwa mwishoni mwa hatua ya 1-2, chini ya ardhi, amesimama ukingoni mwa bomba la kutokea. Juu yake matofali mawili ya dari yalikuwa yamevunjwa na moja likaachwa likiegemea ukuta. Kaka alimgeuza Mario akaupa ukuta kisogo, akamrusha juu akiwa amejikunyata, na badala ya kugonga ukuta na kuanguka, Mario akauingia. Alipenya tofali kwa tofali, kinyumenyume, kama mtu anayevutwa na kamba, akatokea upande wa pili katika chumba cha siri. Akashuka ndani ya bomba la kwanza.

Kioo kikawa cheusi. Kisha yakatokea maneno ya kutangaza hatua, na nambari yake ilikuwa kistari na tarakimu 1. Mbele ya kistari palikuwa patupu. Hatua yenyewe ilikuwa chini ya maji, yenye samaki na ngisi, na muziki ule wa polepole wa dansi uliotungwa na Koji Kondo. Mario akaogelea hadi mwisho, akaingia katika bomba, na akajikuta pale pale alipoanzia. Akaogelea tena. Mwanzo tena. Mara ya tatu mdogo aliuliza kama samaki ni wale wale au ni wengine. Kaka akacheka, akamwuliza, "Umeona lakini?" Akajibiwa, "Nimeona."

Asubuhi watoto tisa walijazana sebuleni. Kaka alijaribu mara nyingi kiasi kwamba hesabu ilipotea. Kila mara Mario aligonga ukuta na kuanguka, maana tendo lile hudai mguu ukutane na ncha ya tofali kwa kipimo kisichostahimili papara wala hadhira. Hatimaye mvulana mkubwa kuliko wote, ambaye kwao kulikuwa na televisheni ya rangi, alimgeukia mdogo. "Wewe ulikuwa hapa. Uliiona hiyo dunia?" Mtoto wa miaka 9 alizitazama nyuso tisa, akakwepa ule wa kumi. Akasema, "Mimi nilikuwa nimelala."

Ndipo wimbo ulipoanza.

Lisitiwe chumvi jambo hili. Hakuna aliyepigwa, na shule zilipofunguliwa wimbo ulisahaulika. Kilichobaki ni kijambo kidogo tu kilichoendelea nyumbani kwa miaka kadhaa. Kila kaka alipotaka kumwonyesha mdogo wake kitu, awe kinyonga juu ya ua au tao la upinde wa mvua juu ya Menengai, alimwuliza kwanza, bila hasira, "Nikikuonyesha, utasema umeona?"

Mdogo alikua, akajiunga na chuo kikuu, akachagua Kiswahili. Mwaka wa 2008, katika mhadhara juu ya alama za uandishi, alisikia mhadhiri akieleza tofauti baina ya kistari kinachounganisha, kistari kinachotenganisha na alama ya kutoa ya wanahisabati, alama tatu ambazo jicho la haraka huziona kuwa moja. Wenzake waliandika. Yeye aliiacha kalamu mezani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameisoma nambari ile kuwa hasi moja, kama kaka yake alivyoisoma, na kama ilivyosomwa na wachezaji kote duniani, ambao wameiita dunia hiyo kwa jina hilo la kihisabati hadi leo. Je, kama haikuwa alama ya kutoa?

Alitafuta maelezo ya watu waliokwisha kuifungua programu ya mchezo na kuisoma mstari kwa mstari, akayapata. Yanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ni maelezo ya kiisimu kuliko yanavyoonekana.

Chumba cha siri cha hatua ya 1-2 kina mabomba matatu, yampelekayo mchezaji hadi dunia ya 4, ya 3 na ya 2. Chumba kingine cha aina hiyo kimo katika hatua ya 4-2, nacho kina bomba moja tu, la katikati, liendalo dunia ya 5. Waundaji waliandaa jedwali dogo lenye safu za nambari tatu tatu, na kila nambari ikapewa kazi mbili kwa mpigo: kuchorwa juu ya bomba ili mchezaji aisome, na kuiarifu programu imfikishe wapi. Safu ya kwanza ni 4, 3, 2. Safu ya chumba cha pili ilihitaji 5 katikati, na pembeni pasiwe na kitu, kwa kuwa pembeni hapakuwa na mabomba. Ila mashine haina njia ya kuandika "pasiwe na kitu". Lazima iandike kitu kisichoonekana.

Katika orodha ya alama za mchezo huo, tarakimu 0 hadi 9 zimeshika nafasi ya 0 hadi ya 9. Herufi A hadi Z zimeshika nafasi ya 10 hadi ya 35. Nafasi ya 36 imepewa alama tupu, yaani ule uwazi unaoachwa baina ya maneno. Kwa hiyo safu ya pili ikaandikwa 36, 5, 36. Hapakuwa na hatari yoyote, maana nani angeingia katika bomba lisilokuwepo?

Anayepenya ukuta ndiye aingiaye. Hufika katika chumba cha 1-2 kabla programu haijafika mahali pa kuagizwa itumie safu ya kwanza, nayo hushika safu ya pili. Mabomba anayoyaona ni ya chumba kimoja, na nambari zinazoyaongoza ni za chumba kingine. Akishuka katika bomba la kushoto, programu husoma 36 na kumpeleka, kwa utiifu kamili, katika dunia ya 36. Dunia zikiwa 8 tu, programu hupita mwisho wa orodha na kuendelea kusoma chochote ilichokutana nacho mbele katika kumbukumbu, na kilichopo hapo kwa bahati ni nambari ya hatua ya majini, ile ile itumikayo katika 2-2 na 7-2. Kisha huandika kichwa cha hatua kwa kanuni yake ya kawaida: dunia, kistari, hatua. Alama ya 36, kistari, 1. Na alama ya 36 haionekani.

Kwa hiyo si hasi moja. Ni dunia ya 36, hatua ya 1. Kaka alikuwa ameona sawasawa na kusoma vibaya, na hilo ni kosa la heshima. Wahakiki wa miswada hulitenda kila siku. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hilo lilikuwa na utamu wa pekee. Mhadhiri yeyote aliyewahi kusahihisha insha zilizojaa "kwasababu" na "kwahivyo" anajua kwamba uwazi nao ni alama, una kanuni zake, na ukiwekwa au kuondolewa pasipostahili maana huyumba. Hata hivyo ni nadra kuona uwazi umepewa nambari, na nambari hiyo ikazaa dunia nzima yenye samaki.

Jambo moja zaidi lilimshangaza. Mwaka wa 1986 Nintendo ilitoa mchezo huo huo kwa diski badala ya kaseti. Tendo la kupenya ukuta hufanya kazi humo pia, ila kumbukumbu imepangwa kwa namna nyingine, na usomaji ule ule wa kupita mwisho wa orodha huangukia mahali pengine kabisa. Badala ya maji yasiyo na mwisho kuna hatua tatu za ajabu, na anayezimaliza huhesabiwa kuwa ameumaliza mchezo wote. Watoto wa Nakuru hawakuwa na diski. Lau wangekuwa nayo, mashahidi wawili wangeweza kubishana hadi jioni juu ya dunia moja, kila mmoja akisema kweli.

Tangu hapo akawa mkusanyaji wa visa vya namna hiyo, na kilichomvutia zaidi ni kupepeta mchele na chuya: uvumi upi wa watoto ulikuwa kweli na upi ulikuwa porojo. Porojo mashuhuri kuliko zote ilizaliwa na tafsiri. Katika mchezo wa Street Fighter II wa mwaka 1991, mpiganaji aitwaye Ryu humwambia adui aliyeshindwa kwamba asipoweza kulishinda pigo la "ngumi ya joka lipaalo" hatafua dafu. Maneno ya Kijapani ya pigo hilo huandikwa kwa hati ya Kichina, na mfasiri wa Kiingereza akayasoma kwa matamshi ya Kichina, akadhani ni jina la mtu: Sheng Long. (Msomaji wa Kenya aruhusiwe kutabasamu, neno hilo la kwanza halina uhusiano na lugha ya vijana wetu.) Wachezaji wakaambiwa wamshinde mtu asiyekuwepo. Mnamo Aprili 1992, gazeti moja la Marekani la michezo ya video lilichapisha, kwa mzaha wa siku ya wajinga, maagizo marefu ya namna ya kumfikia, na vijana wakapoteza sarafu zao wakimtafuta. Kosa la mfasiri mmoja lilizaa mhusika mwenye umaarufu kuliko wengi waliochorwa.

Kisa cha Mew ni kigumu zaidi kukihukumu. Michezo ya kwanza ya Pokémon ilitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996. Karibu na mwisho wa kazi, zana za kutafutia makosa zilipoondolewa, ilibaki nafasi ya baiti 300 hivi, na mtayarishaji programu Shigeki Morimoto akaitumia kumtia ndani mnyama wa ziada, ilhali muda ule mwenendo wa kazi ulikuwa kutogusa chochote tena. Hakukuwa na njia ya halali ya kumpata ndani ya mchezo. Wachezaji walioanza kukutana naye kwa hitilafu walidhaniwa waongo, hadi kampuni ilipokiri na kuwagawia washindi 20 wa shindano. Mnyama alikuwa kweli. Lakini watoto walidai pia kwamba amejificha chini ya lori moja lililoegeshwa karibu na bandari katika mchezo huo. Lori lipo. Chini yake hamna kitu. Ukweli na uongo viliishi nyumba moja, na hapakuwa na mtoto aliyeweza kuvitenganisha.

Kuna pia vitu vilivyofichwa kwa makusudi, na hapa mwanafunzi wa fasihi hujihisi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya sabini kampuni ya Atari haikuwa ikitaja majina ya waundaji wa michezo yake. Warren Robinett, aliyebuni mchezo wa Adventure peke yake katika kaseti ya kilobaiti 4, alitenga chumba kimoja kisichofikika ila kwa kubeba nukta moja ya kijivu isiyoonekana kwa urahisi, akaandika humo kwamba mchezo ni kazi yake, pamoja na jina lake kamili. Hakumwambia yeyote. Alikuwa amekwisha kuacha kazi kabla mvulana mmoja wa Marekani hajakigundua chumba hicho mwaka wa 1980 na kuiandikia kampuni barua. Watunzi wetu wengi wa tendi waliweka majina yao katika beti za mwisho, hadharani, mbele ya msikilizaji. Robinett alinyimwa ubeti wa mwisho, akajichimbia handaki.

Lakini vilivyo vingi ni masalio tu. Hatua nzima ya Sonic 2, iitwayo Hidden Palace, ilionekana katika picha za magazeti kabla mchezo kutolewa mwaka 1992, kisha ikaondolewa, ila vipande vyake vikabaki ndani ya kaseti. Ikakamilishwa mwaka 2013 katika toleo la simu. Sababu ya masalio haya si siri kubwa. Kumbukumbu ya kaseti ikishapangwa, kukiondoa kitu kimoja huweza kuvisogeza vingine na kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi, na siku ya kutoa mchezo imewadia. Ni salama zaidi kuufunga mlango kuliko kubomoa chumba. Julai 2020, nyaraka za ndani za Nintendo zilipovuja, vilionekana humo vipande vya umbo la Luigi, nduguye Mario, vilivyotengenezwa kwa ajili ya Super Mario 64 ya mwaka 1996. Kwa miaka ishirini na zaidi wachezaji waliosisitiza kwamba Luigi alikusudiwa kuwemo walichekwa. Ushahidi wao, maandishi yaliyofifia juu ya sanamu moja ya bustani, ulikuwa batili. Dai lao halikuwa.

Hata baada ya kuyajua yote hayo, hakumwambia kaka yake neno. Walionana kwenye harusi na mazishi, wakazungumza habari za mama na karo. Kaka alikuwa fundi wa majokofu mjini Eldoret, mwenye karakana yake na binti mmoja. Maelezo ya jedwali na alama ya 36 yalikuwa tayari kinywani mwa mdogo kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni sentensi ya kutangulia maelezo hayo.

Mnamo Desemba 2021 alimkuta mchuuzi wa vifaa vikuukuu akiwa na mashine ya aina ile ile, na kaseti ya manjano. Akainunua. Alifanya mazoezi kwa siku kumi na mbili chumbani mwake, mtu mzima mwenye shahada mbili, akimpigiza Mario ukutani. Kisha akapanda matatu kwenda Eldoret.

Baada ya chakula cha jioni aliiunganisha mashine. Kaka alivuta kiti bila kuuliza. Jaribio la kwanza lilishindikana, la pili likashindikana, na sebule ikawa na ukimya ambao wote wawili waliutambua. Katika jaribio la tano Mario aliingia ukutani. Akavutwa, tofali kwa tofali. Bomba la kwanza. Kioo cheusi. Kistari, na moja.

Mdogo hakuweza kuanza na jedwali. Alisema, macho yakiwa kwenye kioo, "Kaka, siku ile sikuwa nimelala."

"Najua," kaka akasema. "Uliniuliza kama samaki ni wale wale."

Mario alikuwa ameachwa bila mwongozaji, akizama taratibu kuelekea chini, na ngisi alikuwa akimkaribia.

"Ulikuwa na miaka tisa," kaka akaongeza. Kisha akamwita binti yake aje aone, akanyoosha mkono. "Lete hapa. Unamwua."

Binti akaja na daftari lake la shule, akasimama nyuma ya viti viwili. Alitazama kwa muda, halafu akauliza kwa nini mbele ya kistari pameachwa wazi.